Pete ya Fedha na Jiwe Lisilochongwa: Nasaha kwa Kijana Anayeanza



Katika maswali yaliyotufikia miezi hii kutoka kwa vijana wa hapa Feri na wenzao wa Kariakoo, liko moja ambalo limerudi mara nyingi hata tukaona haifai kulijibu kwa maneno mawili mlangoni. Nalo ni hili: Je, mtu asiyerithi ufundi kwa baba yake aweza kujifunza kufua pete za fedha na kuzitia mawe yasiyochongwa, na aanzie wapi? Nao wazazi wametuuliza jambo hilo hilo kwa upande wa pili: Je, kazi hii ni kazi ya heshima, au ni mlango wa kumwingiza mtoto katika ujanja wa mjini? Twaona maswali haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Hayajibiki mbalimbali, maana pete yaweza kufuliwa vizuri ikauzwa vibaya, na yaweza kuuzwa kwa maneno mazuri hali imefuliwa ovyo. Basi leo tutayajibu yote mawili, kwa kadiri ya nafasi tuliyopewa.

Kwanza tuseme juu ya pete yenyewe. Kila mtoto wa chuoni amefundishwa kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa na pete ya fedha. Alipotaka kuwaandikia wafalme wa nje aliambiwa kwamba hawaisomi barua isiyo na muhuri. Ndipo akafanyiwa pete ya fedha iliyochorwa jina lake na utume wake katika mistari mitatu. Katika riwaya nyingine imetajwa kwamba jiwe lake lilikuwa la Kihabeshi. Baada yake pete ile ilivaliwa na Abubakari, kisha Omari, kisha Othmani, na katika zama za Othmani ikaanguka katika kisima cha Aris huko Madina, ikatafutwa isionekane. Basi pete kwa asili yake ilikuwa chombo cha kazi, alama ya kuaminiwa: barua iliyopigwa muhuri ule ilikuwa barua ya kweli. Kadhalika twajua kwamba dhahabu wanaume wamekatazwa, na fedha wameruhusiwa, maadamu mtu hakupita kiasi. Kwa hiyo kijana anayefua pete ya fedha hafanyi kitu cha kuonea haya. Kazi ya mkono imesifiwa, na Nabii Daudi, juu ya ufalme wake, alikula kwa kazi ya mkono wake.

Wala ufundi huu si mgeni katika pwani yetu. Masonara wa Unguja, Mombasa na Lamu walifua vikuku, mikufu, vipuli na pete kwa vizazi vingi, na Omani mpaka leo yajulikana kwa fedha yake. Huko Lamu mafundi wamezoea kutia katika pete vigae vya vyombo vya kale vya Kichina, na watu hutoka mbali kuvinunua. Tazama basi: kigae ambacho mwingine angekikanyaga, fundi amekipa ukuta wa fedha na kimekuwa pambo. Hilo ni somo la kwanza kwa anayeanza. Thamani ya pete haitoki katika ughali wa jiwe peke yake. Mara nyingi hutoka katika mkono ulioliweka.

Na fedha yenyewe ilitoka wapi zamani? Sehemu kubwa ilitoka katika sarafu. Reale ile yenye sura ya Maria Theresa, iliyoandikwa mwaka 1780 hata ilipopigwa miaka mia na zaidi baadaye, ilienea Arabuni, Uhabeshi na pwani yetu, na wafua fedha waliipenda kwa kuwa uzito wake ulikuwa haubadiliki: gramu 28, na katika kila sehemu 1000 za madini yake sehemu 833 ni fedha. Rupia za fedha za Wajerumani, zilizopigwa kuanzia mwaka 1890, zilikuwa na gramu 11 na zaidi ya nusu kidogo, na fedha sehemu 917 katika 1000. Lakini shilingi za Afrika Mashariki zilizotolewa na Waingereza tangu mwaka 1921 zilikuwa na fedha sehemu 250 tu katika 1000, yaani robo. Na zilizofuata kuanzia mwaka 1948 hazikuwa na fedha hata chembe. Twayataja haya kwa sababu bado ziko nyumba ambazo sarafu hizo zimefungwa katika kitambaa ndani ya sanduku la bibi, na mwenyewe hudhani zote ni sawa kwa kuwa zote ni nyeupe. Kisha zipo zinazouzwa kwa bei kubwa kwa ukale wake kuliko kwa madini yake. Fundi asiyejua tofauti hii ataharibu mali ya watu, na anayeijua akainyamazia atafanya lililo baya zaidi.

Sasa tuingie katika kazi. Fedha safi kabisa ni laini mno kwa mwili wa pete. Hupinda na kukwaruzika upesi. Kwa hiyo mafundi wa ulimwengu huichanganya na shaba nyekundu kidogo, na mchanganyiko mashuhuri ni sehemu 925 za fedha kwa 75 za shaba, ndiyo maana twaona pete nyingi zimepigwa chapa ya 925. Lakini chapa ni maneno, na maneno huweza kusema uongo. Iko madini iitwayo fedha ya Kijerumani, nayo ni shaba, zinki na nikeli. Fedha haimo kamwe. Yang'aa, ni nyeupe, na pia haivutwi na sumaku, kwa hiyo mtu asitosheke kwa kupima na sumaku peke yake.

Kipimo kilicho bora kwa anayeanza ni kile cha maji. Pima kwanza kipande cha fedha kikavu, kisicho na jiwe, kwa mizani ya sonara. Mizani ya kupimia samaki hapa Feri haikufai, maana haijui gramu. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani ile, uirudishe kwenye sifuri, ukitumbukize kile kipande kikining'inia kwa uzi mwembamba, kizame chote bila kugusa chini wala pembeni. Uzito utakaoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya ule wa kwanza kwa huu wa pili. Fedha safi hukaribia 10 na nusu. Ile ya 925 hupungua kidogo tu. Bali fedha ya Kijerumani hukaa karibu na 8 na nusu. Kwa mfano, kipande cha gramu 21 kikisukuma gramu 2 za maji, umepata fedha. Kikisukuma gramu 2 na nusu, mrudishie mwenyewe. Na kama una mashaka baada ya hayo, mwulize sonara aliye mkongwe. Kuuliza si aibu.

Tukija katika mawe, hapa ndipo vijana wetu hupotea, maana nchi yetu ni nchi ya vito. Kila mtu amesikia khabari za tanzaniti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, na jinsi Serikali ilivyomtambua Mzee Jumanne Ngoma mwaka 2018 kuwa ndiye mgunduzi. Kila mtu amesikia pia ya Bwana Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo, ambaye mwaka 2020 aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzaniti, moja la kilo 9 na zaidi na la pili la kilo 5 na zaidi, akalipwa shilingi bilioni 7 na zaidi. Kijana akisha kusikia hayo, hulala akiota rangi ya buluu. Akitokea mtu kichochoroni na kijikaratasi kilichokunjwa, amwambie kwamba jiwe hili latoka Mererani na laenda kwa bei ya kutupa, hutoa akiba yake yote. Na asubuhi hugundua kwamba amenunua kioo.

Twawaambia vijana wetu mambo mawili. La kwanza, sheria ya madini ya nchi hii yataka anayefanya biashara ya madini awe na leseni, na tangu mwaka 2019 yamefunguliwa masoko ya madini katika mikoa ili watu wauziane mahali pa wazi. Basi nunua kwa mwenye leseni, shika risiti, na usiguse jiwe lisilo na mwenyewe. La pili, tanzaniti si jiwe la mwanafunzi. Lina tabia ya kupasuka likipigwa upande mbaya au likipata joto la ghafula, na mwanafunzi hana budi kupasua mawe kadha wa kadha kabla mkono haujatulia. Heri upasue la shilingi chache.

Wataalamu hupima ugumu wa mawe kwa ngazi iliyotungwa na Bwana Friedrich Mohs mwaka 1812, kuanzia 1 hata 10. Almasi ni 10, yakuti ni 9, kwatsi na akiki ni 7, tanzaniti ni baina ya 6 na 7, feruzi ni 5 au 6. Jambo hili lina faida kubwa kwetu. Mchanga wa pwani na vumbi la njiani vimejaa chembe za kwatsi. Kwa hiyo jiwe lililo chini ya 7 likivaliwa kidoleni kila siku hukwaruzwa na vumbi tu, hata bila kugongwa. Anayeanza na aanze kwa kwatsi nyeupe, kwa akiki, kwa amethisti ya zambarau, au kwa ganeti nyekundu. Yote hupatikana bila ya kumfilisi mtu. Achague kipande chenye mgongo uliolala sawa, kisichopanda juu sana, kisicho na ufa unaokata kati. Akiinue kwenye jua akigeuze. Ufa utajionyesha kama uzi wa fedha ndani ya jiwe. Na kama hana hata senti ya jiwe, afanye kama watu wa Lamu: kigae cha sahani iliyovunjika, au kipande cha chupa kilicholainishwa na mawimbi, chatosha kwa pete za kwanza. Ila akikiuza, akiite kwa jina lake: kigae, au kioo.

Vyombo vya kuanzia si vingi. Msumeno mwembamba wa sonara, tupa mbili au tatu, koleo yenye midomo laini isiyoacha alama, nyundo ya mti au ya ngozi, nondo ya chuma iliyochongoka ya kuviringishia pete, tofali la kuchomelea, bomba dogo la gesi lenye moto wa kuelekezwa, lehemu ya fedha, boraksi, na msasa wa namna mbalimbali. Nondo na nyundo vyaweza kufanywa na mafundi chuma wetu wa Kariakoo kwa gharama ndogo. Lehemu na boraksi hupatikana kwa wanaowauzia masonara.

Hesabu hutangulia moto. Mpime mtu kidole chake jioni, maana asubuhi kidole huwa tofauti na jioni, na wakati wa joto huvimba. Ukisha kujua upana wa tundu la pete, jumlisha na unene wa bati la fedha, kisha zidisha kwa 22 na ugawanye kwa 7. Mathalan, tundu ni milimita 18, bati ni milimita 1 na nusu: jumla ni 19 na nusu, ukizidisha na kugawanya wapata milimita 61 na kitu. Huo ndio urefu wa kipande cha kukata. Wengi wa wanaoanza husahau kuongeza ule unene, na pete yao ya kwanza huishia katika kidole cha mdogo wao.

Kabla ya kukunja, ichome fedha kivulini mpaka ione wekundu hafifu kama wa kaa linalofifia, kisha iache kidogo na uizime kwenye maji. Hapo itakuwa laini nawe utaikunja upendavyo. Ikianza kuwa ngumu tena chini ya nyundo, usiilazimishe, irudishe motoni. Kutanisha ncha zake mpaka mwanga usipite kati, kwa sababu lehemu hujaza ufa mwembamba kama unywele, wala haijazi pengo. Paka boraksi, weka kijipande cha lehemu, na ulipashe moto pete lote, si lehemu. Hii ndiyo siri ya kazi nzima: lehemu hulifuata joto. Ukiichoma yenyewe itajikunja kama shanga na kukukimbia. Ukiipasha pete, itatiririka ghafula kama maji na kuingia mahali pake. Ondoa moto mara moja, maana fedha safi huyeyuka kwa digrii 961, na hii ya 925 huanza kuyeyuka kabla ya hapo.

Baada ya moto pete itakuwa nyeusi. Usiogope. Ichemshe katika maji yenye shabu, itatoka nyeupe. Masonara wengi hutumia tindikali, lakini anayeanza hana haja nayo. Na atakayeitumia baadaye akumbuke kwamba tindikali humiminwa katika maji, wala maji hayamiminwi katika tindikali.

Sasa nyumba ya jiwe. Kata ukanda mwembamba wa fedha safi, uzungushe jiwe ukifuata kila pembe yake, maana jiwe lisilochongwa si duara wala si mraba, lina umbo lake lenyewe. Unganisha ncha zake kwa lehemu, kisha uuchomelee juu ya kibati kitakachokuwa sakafu. Kazi ya kwanza hutumia lehemu iliyo ngumu kuyeyuka, na zinazofuata hutumia iliyo laini zaidi, ili kiungo cha zamani kisifunguke unapotengeneza kipya. Ikiwa jiwe hupitisha mwanga, toboa dirisha katika sakafu ili lipumue. Chomelea nyumba hiyo juu ya pete, chemsha, piga tupa, piga msasa, na maliza kung'arisha karibu yote. Jiwe huingia mwisho. Twarudia: jiwe huingia mwisho, na likisha ingia moto hauirudii pete ile tena.

Ukiliweka, lisicheze hata kidogo. Likicheza, tia kibati chembamba chini yake. Kisha sukuma ukuta kwa chuma chenye ncha butu: sukuma kaskazini, halafu kusini; mashariki, halafu magharibi; kidogo kidogo. Anayeanza upande mmoja akazunguka mpaka mwisho atakuta jiwe limeinuka upande wa pili. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mwishowe pitisha kitambaa na unga wa chaki, na pete yako imekwisha.

Tusisahau afya, maana mwili nao ni amana. Usichomee chumbani penye madirisha yaliyofungwa. Uliza lehemu isiyo na kadimiamu, kwa sababu moshi wake ni sumu ya mapafu. Ukisaga jiwe, lisage katika maji, usivute vumbi lake. Vumbi la kwatsi hukaa kifuani na halitoki. Vaa miwani. Kunja mikono ya kanzu, na dada zetu wafunge vyema mitandio yao, maana kazi hii si ya wanaume tu.

Haya tuliyoyataja kijana mwenye bidii aweza kuyashika kwa miezi michache. Lililobaki ndilo zito, nalo ndilo wazazi waliloliogopa. Sonara hupewa mali ya watu mkononi, na mwenyewe haoni kinachofanyika. Gramu moja ikipungua, ni nani atakayejua? Shaba ikizidi, ni nani atakayesema? Ndiyo maana tumefundishwa kwa ukali juu ya wanaopunja vipimo, na sura nzima imefunguliwa kwa kuwaonya. Basi kijana aweke kanuni hii tangu siku ya kwanza: fedha ya mteja ipimwe mbele ya macho yake, uzito uandikwe katika daftari, na pete ipimwe tena siku ya kukabidhi. Mabaki yarudishwe, au yanunuliwe kwa mwenyewe kwa bei ya wazi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari.

Kisha liko jambo la riba ambalo wengi hawalijui. Mtu huleta kikuku cha zamani cha gramu 30 akabadilishiwa pete mpya ya gramu 10, fedha kwa fedha, na tofauti ikaitwa ujira. Hilo halifai. Fedha kwa fedha hubadilishwa kwa uzito ulio sawa na mkono kwa mkono. Njia iliyo salama tulifundishwa katika kisa cha tende za Khaibari: uza kilicho duni kwa pesa, kisha nunua kilicho bora kwa pesa hizo. Basi nunua kikuku chake kwa shilingi, umpe mkononi. Naye akitaka, anunue pete yako kwa shilingi. Ama akileta fedha yake ufue hiyo hiyo, mpatane ujira wa kazi kwa shilingi. Hapo hapana ubaya.

Twamjua kijana mmoja wa mtaa wetu aliyeianza kazi hii karibuni. Mteja wake wa kwanza wa haki, asiyekuwa jamaa wala rafiki, alikuwa mama wa makamo aliyevuka kwa kivuko kutoka Kigamboni na sarafu tatu alizoachiwa na marehemu mumewe: rupia moja ya Kijerumani na shilingi mbili za Mfalme George. Alitaka ziyeyushwe zote zifanywe pete ya mwanawe anayeoa. Kijana alijua kwamba shilingi zile, zote mbili, hazina fedha ya kutimia hata gramu 4, na kwamba rupia ile peke yake ina zaidi ya gramu 10. Alikuwa na fedha ya kununua ndani ya sanduku lake. Angeweza kufua pete kwa fedha hiyo, akaizuia ile rupia, na yule mama angeondoka akishukuru. Mwenzake wa meza ya pili alimkonyeza afanye hivyo.

Hakufanya. Alimweleza yule mama kila sarafu na kilichomo, akamwambia kwamba shilingi zile zitaichafua fedha nzuri, na kwamba rupia yake huenda ikawa na thamani zaidi ikibaki rupia. Mama alizitazama kitambo, akazifunga tena katika upindo wa khanga yake, akasema, "Ahsante, mwanangu, ngoja nikafikiri," akarudi kivukoni. Siku ile kijana hakupata kazi, na mwenzake alimcheka mpaka jioni. Mpaka twaandika haya yule mama hajarudi, nasi hatuwezi kuwaahidi vijana kwamba kila asemaye kweli mteja wake hurudi kesho. Aliyepewa amana huirudisha kwa kuwa ni amana, si kwa kuwa italipa.

Neno la mwisho ni juu ya mawe na itikadi. Wapo mjini wanaouza pete za bahati: hii ya mali, hii ya mapenzi, hii ya kushinda kesi, na nyingine wasema zina majini. Watu maskini hutoa fedha ya chakula cha watoto kununua vitu hivyo. Enyi vijana, jiwe ni jiwe. Uzuri wake ni katika kazi ya Mola aliyeliumba na mkono uliolipamba. Haliongezi riziki wala halizuii msiba. Fundi atakayeuza pete yake kwa ahadi hiyo, hata kama fedha yake ni safi na jiwe lake ni la kweli, amemdanganya mnunuzi katika jambo lililo kubwa kuliko fedha na jiwe. Na mteja akikuuliza, "Jiwe hili lina kazi gani?" mjibu kwa uungwana, "Kazi yake ni kupendeza," na ukose mauzo yale ikibidi.

Basi, enyi wazazi, msimzuie mtoto mwenye kupenda kazi hii, ila msimwache aache masomo kwa ajili yake. Siku za mapumziko zatosha kwa mwaka wa kwanza. Mtafutieni fundi mwaminifu akae mbele yake, maana kwa maandishi mtu hujua njia, lakini kwa fundi hujua mkono. Ukitaka kumjua fundi huyo, usitazame wingi wa pete mezani pake. Tazama kama ana daftari, na kama mizani yake imegeuzwa upande wa mteja.

Mwezi ujao, inshallah, tutajibu barua za wasomaji juu ya mirathi ya vyombo vya nyumbani, kwani zimekusanyika nyingi. Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu riziki ya halali na mikono iliyo safi. Wabillahi tawfiki.